Majibu ya Damu Siku za Upasuaji wa Saratani: Namna ya Kuyasoma

Karatasi ya majibu inayotoka maabara siku ya tatu baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana huwa imejaa herufi H, yaani juu ya kawaida, upande wa kulia. CRP 152, H. Seli nyeupe 13.8, H. Neutrofili, H. Kisha limfosaiti, L, yaani chini ya kawaida, na albumini 29, L. Ndugu anayemuuguza mgonjwa huipiga picha, huirusha kwenye kundi la familia, na kabla saa ya kuona wagonjwa haijaisha kila mtu ameshatoa hukumu yake: saratani imesambaa, damu imechafuka, madaktari wanaficha jambo. Mgonjwa mwenyewe wakati huo ameketi kitandani, amekunywa uji nusu kikombe, ametoa hewa, na anauliza ni lini atatolewa mpira wa mkojo.

Karatasi hiyohiyo ingekuwa ya siku ya tano, ingetisha kweli. Ingekuwa ya wiki moja kabla ya upasuaji, ingemfanya daktari atafute maambukizi mahali pengine mwilini. Kwa hiyo kabla hujauliza namba ni ngapi, uliza damu ilitolewa lini. Tafuta daftari dogo uandike tarehe na saa ya upasuaji, kisha kila mara damu inapotolewa andika tarehe, saa na majibu. Siku ya upasuaji yenyewe huhesabiwa kuwa sifuri. Aliyepasuliwa Jumatatu, Alhamisi ndiyo siku yake ya tatu. Familia nyingi huanza kuhesabu moja siku ya upasuaji, na kosa hilo la siku moja linatosha kugeuza habari njema kuwa mbaya.

Kabla ya kisu

Namba za baada ya upasuaji hazina maana kubwa kama hujui mgonjwa alianzia wapi. Vipimo vya kawaida vya maandalizi ni picha kamili ya damu, ile inayoitwa FBP, pamoja na figo, ini na kundi la damu. Uliza kama CRP na albumini vimo. Mara nyingi havimo mpaka mtu aulize, na si vipimo vya gharama kubwa.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopata mcharuko, yaani ile hali ya kuvimba, kupata joto na kuuma inayofuata jeraha au maambukizi yoyote. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mtu mzima mwenye afya huwa chini ya 5 au chini ya 10, kutegemea maabara. Uvimbe wa saratani wenyewe unaweza kuipandisha, hasa ukiwa mkubwa au wenye vidonda. Lakini malaria huipandisha pia, tena sana. Vivyo hivyo jino lililooza, UTI, kifua kikuu na jeraha lililooza mguuni. Kama CRP ya kabla ya upasuaji ni 60 na daktari hajaeleza kwa nini, hilo ni swali halali la kumuuliza: "Daktari, hii imetokana na uvimbe wenyewe au kuna maambukizi ya kutibu kwanza?"

Wataalamu wa Glasgow, Uskoti, walizichukua namba hizi mbili, CRP na albumini, wakatengeneza alama rahisi ambayo sasa inatumika sehemu nyingi. CRP isiyozidi 10 ni sifuri. Ikizidi 10 ni moja. Ikizidi 10 na albumini ikawa chini ya gramu 35 kwa lita, ni mbili. Mwenye mbili kwa kawaida yuko kwenye hatari kubwa zaidi kuliko mwenye sifuri, hata saratani zao zikiwa za hatua moja. Faida ya kuijua alama hii mapema ni kwamba timu inaweza kumjenga mgonjwa kabla ya kumpasua: lishe, kutibu maambukizi, kuongeza damu iliyopungua. Usiisome kama utabiri wa kifo. Imetokana na makundi ya watu, nawe una mtu mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo karatasi za maabara zetu hazisemi. Waafrika wengi wana neutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, chache kwa asili, bila ugonjwa wowote. Hili linaambatana na kukosa alama iitwayo Duffy kwenye seli nyekundu, hali ambayo pia huwakinga na malaria ya aina ya vivax. Mashine nyingi zimewekewa mipaka iliyotokana na watu wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo mtu mzima kabisa mwenye neutrofili 1.6 huandikiwa L nyekundu na kuanza kuhangaika. Ndiyo maana namwonea shaka mtu anayechukua uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti, ambao makala za kitaalamu zinaupenda sana siku hizi, akaupima kwa kiwango cha 3 au cha 5 kilichotoka hospitali ya Ulaya. Uwiano huo ukilinganishwa na wa mgonjwa huyohuyo mwezi uliopita una la kusema. Ukilinganishwa na wa mgonjwa wa nchi nyingine, kwa familia iliyokaa wodini, hauna.

Siku sita za kwanza

Daktari anapokata ngozi, misuli na utumbo, mwili hautofautishi kisu cha daktari na panga la mwizi. Ndani ya saa chache tishu zilizojeruhiwa na seli za kinga humwaga ishara za kikemikali. Mojawapo, inayoitwa interleukini-6, hufika kwenye ini na kuliamuru litengeneze CRP. Namba huanza kupanda baada ya saa kama sita na hufika kileleni kati ya siku ya pili na ya tatu. Chanzo cha mcharuko kikishatulia, CRP hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Mwendo huo wa kushuka haubadiliki sana kati ya mtu na mtu, na ndio unaoifanya iwe na faida: ikiwa haishuki, kuna kitu kinaendelea kuichochea.

Upasuaji wa kufungua tumbo huipandisha zaidi kuliko ule wa matundu madogo. Mwenye ini lililochoka, kwa mfano mwenye sirosisi, hutengeneza CRP kidogo, kwa hiyo namba yake ndogo haipaswi kumtuliza mtu moja kwa moja.

Seli nyeupe nazo hupanda, hasa neutrofili, huku limfosaiti zikishuka. Kuna sababu ya ziada ambayo ndugu huwa hawaambiwi: wagonjwa wengi hupewa deksamethasoni na daktari wa usingizi ili wasitapike wakizinduka. Dawa hiyo hutoa neutrofili kwenye kuta za mishipa na kuzimwaga katika mzunguko. FBP ya asubuhi ya kwanza ikionyesha seli nyeupe 16, huenda ni mkasi na deksamethasoni tu.

Albumini hushuka, na hili huwavunja moyo akina mama wanaopika. Hushuka kwa sababu mishipa midogo huvuja wakati wa mcharuko na dripu huongeza maji kwenye damu. Protini hii hukaa mwilini takriban wiki tatu kabla ya nusu yake kwisha, kwa hiyo mayai mawili na maziwa ya leo hayawezi kuonekana kwenye karatasi ya keshokutwa. Mpe chakula kama alivyoruhusiwa, maana mwili unakihitaji ili mshono upone. Ila usimlaumu mgonjwa kwa namba ambayo sahani haiisogezi kwa siku mbili.

Sasa lile linaloogopwa na kila daktari wa upasuaji wa utumbo: mshono wa ndani kuvuja. Kipande chenye uvimbe kimetolewa, ncha mbili zimeunganishwa, na kinyesi kinaweza kupenya ndani ya tumbo kabla hazijashikana. Mara nyingi huonekana kati ya siku ya tatu na ya saba au zaidi, wakati familia imeshaanza kupanga usafiri wa kurudi nyumbani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha tafiti saba zenye wagonjwa zaidi ya 2,400, ulipata mipaka ya CRP ya 172 siku ya tatu, 124 siku ya nne na 144 siku ya tano. Aliyekuwa chini ya mipaka hiyo alikuwa na uwezekano wa asilimia 97 wa kutokuwa na mshono unaovuja. Ila upande wa pili haukuwa na nguvu hiyo: kati ya waliovuka mipaka, ni kama mmoja tu katika watano aliyekuwa na mshono unaovuja kweli. CRP ndogo inaruhusu mtu kwenda nyumbani kwa amani. CRP kubwa inaamuru atazamwe tena, apimwe upya, pengine apigwe CT. Haitangazi janga.

Chukulia wagonjwa wawili wa kubuni. Wa kwanza ana 90 siku ya kwanza, 165 siku ya pili, 152 ya tatu, 95 ya nne. Wa pili ana 80, 140, 148, kisha 171. Siku ya tatu karibu wanafanana, na huyo wa pili hata ana namba ndogo kidogo. Ila wa kwanza anashuka na wa pili anaendelea kupanda wakati alitakiwa awe anateremka. Ningekuwa ndugu wa huyo wa pili, siku ya nne ningekuwa mlangoni pa chumba cha daktari kabla ya raundi.

Nenda na daftari lako, na useme kwa ufupi: "Shikamoo daktari. CRP ya mama jana ilikuwa 148, leo 171, na tangu usiku tumbo limejaa na mapigo ya moyo yako 115. Je, hili linahitaji kuangaliwa?" Sentensi ya namna hiyo humsaidia daktari mwenye wagonjwa arobaini kuliko kuonyeshwa picha ya karatasi kwenye simu. Na dalili zina uzito kuliko karatasi. Mapigo yanayokwenda mbio bila sababu, kupumua harakaharaka, tumbo kukaza, kutapika upya, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua: mojawapo likitokea, usingoje maabara, mwite sista sasa hivi. Homa si lazima iwepo, maana parasetamoli ya kwenye dripu huificha.

Mtego mmoja mdogo umesababisha simu nyingi za usiku. Maabara nyingine huandika CRP kwa miligramu kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. 15 ya kwa desilita ni 150 ya kwa lita. Mgonjwa akihamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine, au sampuli moja ikipelekwa maabara ya nje kwa sababu vitendanishi vimekwisha, namba inaweza kuonekana imeporomoka au imeruka mara kumi kwa usiku mmoja. Andika kipimo pembeni ya kila namba.

DNA inayoelea kwenye damu

Zaidi ya protini na seli, kuna kitu kingine kinachojaa kwenye damu baada ya upasuaji: vipande vya DNA visivyo ndani ya seli yoyote. Wafaransa Mandel na Métais waliviripoti mwaka 1948, kabla umbo la DNA lenyewe halijajulikana, na kwa miaka mingi hakuna aliyewajali. Kila mtu anavyo. Seli zinapokufa, DNA yake hukatwa vipande vifupi, vingi vikiwa na urefu wa herufi kama 166, na ini na figo huvisafisha haraka mno. Nusu huondoka ndani ya muda usiozidi saa mbili au tatu.

Upasuaji hubadili hesabu hiyo. Tishu zilizokatwa, kufinywa na kukosa damu kwa muda humwaga DNA yake. Na neutrofili huongeza yake kwa njia ya ajabu, ambayo iligunduliwa Berlin na kuchapishwa mwaka 2004 na kikundi cha Arturo Zychlinsky: seli hizi zikichokozwa vya kutosha hujifungua na kurusha DNA yake nje, imepakwa vimeng'enya vya kuua vijidudu, kama mvuvi anavyotupa kimia. Bakteria hunaswa humo. Tatizo ni kwamba nyavu hizo hunasa pia chembe sahani na kusaidia damu kuganda, na katika majaribio ya wanyama zimeonekana kunasa seli za saratani zilizokuwa zinazunguka na kuzisaidia kutua mahali papya. Ndiyo maana watafiti wa dawa za usingizi na wa upasuaji hupima mabaki yake kwenye damu kabla na baada ya upasuaji: histoni H3 iliyobadilishwa, mieloperoksidesi iliyoshikana na DNA, na vinginevyo.

Kwa mgonjwa wa leo, vipimo hivyo ni vya utafiti. Mtu akikuuzia kimoja ili "kujua kama saratani itarudi," weka pesa yako mfukoni. Lakini maana yake ya vitendo ipo, nayo ni sindano. Saratani, upasuaji na kulala kitandani vyote huongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Baada ya upasuaji mkubwa wa saratani tumboni, miongozo mingi hupendekeza sindano za kuzuia kuganda, kama enoksaparini, ziendelee hadi wiki nne, si siku za wodini tu. Uliza kabla ya kuruhusiwa: sindano zinaendelea mpaka lini, nani atachoma, zitahifadhiwa wapi. Na usiombe kipimo cha D-daima wiki hizo ukitafuta uthibitisho kwamba damu haijaganda. Baada ya upasuaji huwa juu karibu kwa kila mtu. Mguu mmoja uliovimba au pumzi kukata ghafla ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Watu huuliza pia kama aina ya dawa ya usingizi inaweza kupunguza hizi ghasia za damu na hivyo kuzuia saratani kurudi. Ni wazo lenye mantiki, na tafiti ndogo kadhaa zimeona tofauti kwenye alama za damu. Lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ukiongozwa na Daniel Sessler, wenye wanawake 2,132 waliopasuliwa saratani ya matiti katika hospitali 13, ulilinganisha ganzi ya kuzuia neva pamoja na propofoli dhidi ya gesi ya sevoflureni na dawa za maumivu za jamii ya morfini. Saratani ilirudi kwa asilimia 10 pande zote mbili. Mwachie daktari wa usingizi achague kinachomfaa mgonjwa na kilichopo.

Kipimo cha DNA ya saratani kina subira yake

Ndani ya bahari hiyo ya vipande kuna sehemu ndogo iliyotoka kwenye uvimbe wenyewe, inayotambulika kwa mabadiliko yake. Mwaka 2008 Frank Diehl na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 18 wa saratani ya utumbo mpana na kukadiria kwamba uvimbe ukitolewa, DNA yake hupungua kwa nusu ndani ya dakika 114 hivi. Mtu akisoma hivyo anaweza kudhani apime kesho yake asubuhi. Hapana. Wiki hizo za kwanza damu imejaa DNA ya jeraha, na ile kidogo ya saratani iliyosalia hufunikwa isionekane. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2020 kwamba ongezeko hilo linaweza kudumu hadi wiki nne. Jibu la "haikuonekana" siku ya saba halina thamani kubwa.

Katika jaribio la Australia lililoitwa DYNAMIC, lenye wagonjwa 455 wa saratani ya koloni hatua ya pili, damu ilichukuliwa wiki ya nne na ya saba. Walioongozwa na kipimo hicho walipewa kemo kwa asilimia 15, dhidi ya asilimia 28 ya walioongozwa na vigezo vya kawaida, na baada ya miaka miwili idadi ya waliokuwa hai bila saratani kurudi ilikaribiana sana: asilimia 93.5 kwa 92.4. Wengine waliepushwa kemo bila kudhurika. Huo ni ushahidi wa koloni hatua ya pili; usiuhamishie kongosho au matiti.

CEA, kipimo cha zamani na cha bei nafuu cha saratani ya utumbo, nacho kina saa yake. Hupungua kwa siku kadhaa, kwa hiyo ipimwe kabla ya upasuaji na irudiwe wiki ya nne hadi ya sita. Kwa mvutaji sigara huweza kuwa juu kidogo bila saratani. PSA, kipimo cha saratani ya tezi dume, husubiri wiki sita hadi nane baada ya tezi hiyo kutolewa.

Ukishauriwa kupima DNA ya saratani na sampuli ikalazimika kusafirishwa, uliza mambo ya tyubu kabla ya kulipa. Damu iliyoachwa igande haifai, kwa sababu seli nyeupe hupasuka wakati wa kuganda na kuijaza DNA yao. Inatakiwa plazima. Kwenye tyubu ya kawaida ya kifuniko cha zambarau lazima plazima itenganishwe ndani ya saa chache, na tyubu isikae kwenye gari la joto kuanzia asubuhi. Zipo tyubu maalumu zenye kihifadhi zinazostahimili siku kadhaa. Kisha muulize daktari swali moja la mwisho, tena mbele ya anayelipa: jibu likija "ipo," tutafanya nini, na likija "haipo," tutaacha nini? Kama tiba itabaki ileile kwa vyovyote vile, pesa hiyo ilipie nauli za kliniki na CT ya mwaka wa kwanza.